Chombo cha Mtoto si Kanzu ya Kukulia

Twapenda kulijibu swali lililoletwa kwenye darsa yetu na ndugu mmoja, mzaliwa wa mwambao, ambaye biashara imemkalisha Kiplombe, kando ya mji wa Eldoret. Ndugu huyu ana mwana wa miaka 9. Mtoto amezipenda pikipiki zile za magurudumu manne, ambazo sisi wa pwani twaziona zikikodishwa watalii huko Diani na Nungwi. Naye baba amekusudia kumnunulia moja, kwa kuwa uwezo anao na kiwanja anacho, na kwa kuwa mtoto ameonyesha moyo, huenda siku moja akaingia mashindanoni. Lakini wanaomshauri wamegawanyika. Mjomba wa mtoto asema inunuliwe kubwa, yenye injini ya cc 125, ili mtoto akue nayo na fedha zisitoke mara mbili. Mama asema inunuliwe ndogo, au isinunuliwe kabisa. Basi ndugu yetu auliza mambo mawili: achague ipi? Na je, ni haki mzazi kumlea mtoto wake kwa ajili ya mashindano yenye khatari?

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kuwa swali hili ni la anasa, na kwamba mwenye fedha za kumnunulia mtoto chombo cha moto hana haja ya fatwa. Sivyo hivyo. Swali hili ni la baba wa boda boda ampakiaye mwanawe mbele juu ya tangi la mafuta. Ni la mvuvi ampelekaye mtoto nje ya mwamba wakati wa kusi. Na ni la kila mlezi duniani. Kwani linalouliziwa hasa ni hili: mlezi ana haki gani juu ya mwili wa mtoto ambaye bado hawezi kujipimia khatari yeye mwenyewe?

Tuanze na mashindano. Dini yetu haikuyachukia mashindano ya mbio. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi Madina, na Abdullahi bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Lakini iangalieni, ndugu zangu, namna alivyoyapanga. Farasi waliokwisha kufanyizwa mazoezi na kukazwa mwili aliwawekea mwendo mrefu, tangu Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, ambao mmoja wa wapokezi aliukadiria kuwa ni maili 5 au 6. Farasi ambao hawajafanyizwa mazoezi aliwawekea mwendo mwingine, tangu hapo Thaniyyatul Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, nao ni kama maili 1 tu. Mchezo ni ule ule na siku zile ni zile zile, lakini hakusema, "Wote ni farasi, nawaende pamoja, dhaifu atajifunza kwa mwenye nguvu." Kila mmoja aliwekewa mwendo wa hali yake aliyo nayo. Ikiwa mnyama amepewa haki hii, mwanadamu wa miaka 9 ana haki zaidi.

Na huyo huyo Abdullahi bin Umar ametusimulia khabari nyingine, nayo yatuingia zaidi katika shauri letu. Siku ya Uhud alijileta mbele ya Mtume ili aende vitani, naye ana miaka 14. Hakupewa ruhusa. Siku ya Khandaki akajileta tena, naye ana miaka 15, akaruhusiwa. Hapana shaka kijana wa miaka 14 aliyetaka kwenda Uhud alikuwa na moyo. Wala haja ya watu haikuwa ndogo siku ile, kwani Waislamu walikuwa wachache mbele ya maadui wengi. Pamoja na hayo, moyo wake haukuhesabiwa kuwa ni ruhusa. Twajifunza hapa kwamba hamu ya mtoto ni jambo la kupendeza, na pengine ni dalili ya kipawa, lakini si hoja. Mtoto ana haki ya kutaka. Mlezi ana wajibu wa kupima.

Wala ndugu yetu hana haja ya kwenda mbali kuutafuta ushahidi wa maneno haya, kwani anakaa katika nchi ya wakimbiaji. Watu wa Eldoret na vilima vyake wamewashinda walimwengu kwa miguu, na lau kuna watu wangaliweza kudai kwamba mtoto aanze mapema apendavyo, ni wao. Hata hivyo kanuni za riadha za dunia hazimruhusu kijana aliye chini ya miaka 20 kukimbia marathoni katika Olimpiki. Eliud Kipchoge, ambaye kambi yake ya mazoezi iko Kaptagat, si mbali na Eldoret, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 huko Paris mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia Hamburg mwaka 2013. Ilipita miaka 10 baina ya ubingwa ule na marathoni ile, na hapana atakayesema kwamba kungoja kulimpunguzia kitu. Mwenye kipawa hakimbiwi na kipawa chake kwa sababu ameanza na kidogo.

Sasa tuisikilize hoja ya mjomba, maana si hoja ya mpumbavu, na wengi wetu tungaliisema. Mjomba husema: "Wazee wetu walipanda punda wangali wadogo, hawana helmeti wala mwalimu, na walikua wazima." Ni kweli. Mpaka leo Lamu, wakati wa Maulidi, hufanywa mashindano ya punda, na vijana huyapenda mno. Lakini iko tofauti moja kubwa baina ya punda na mashine, nayo husahauliwa. Punda ana roho. Akiona shimo husita, akichoka husimama, akiogopa hukataa, na fimbo haimshawishi. Mtoto anapopanda punda, basi kuna wawili wanaoiogopa khatari, na yule mnyama humlinda mtoto kwa kujilinda mwenyewe. Mashine haina woga. Humtii mtoto wa miaka 9 kama inavyomtii mtu wa miaka 40: akiibonyeza ikimbie, hukimbia, akiielekeza shimoni, huingia. Kwa hivyo sehemu ile ya tahadhari aliyokuwa nayo punda haina budi itoke mahali pengine, na hapana pengine isipokuwa kwa mlezi, siku ile anaposimama dukani kuchagua. Kosa alilolifanya dukani mtoto hawezi kulisahihisha kiwanjani.

Na tuijue mashine yenyewe, kwani kuhukumu juu ya kitu usichokijua ni dhulma. Pikipiki ya magurudumu manne humdanganya mtu kwa umbo lake. Kwa kuwa yasimama yenyewe bila ya kuegemezwa, mtu hudhani kwamba haianguki. Lakini haigeuzwi kwa usukani peke yake: mwendeshaji hana budi auhamishe uzito wa mwili wake, ainamie upande anaokata kona, na asogee mbele anapopanda mlima. Mtoto mdogo hana uzito wa kutosha kuishawishi mashine kubwa. Ikimshinda kwenye mteremko au kwenye kona, hupinduka. Nayo ikipinduka humwangukia. Hata zile ndogo za watoto, nyingi zina uzito wa mara tatu hivi ya mtoto wa miaka 9. Aliye chini yake hawezi kuiinua, na pengine hawezi hata kuita.

Mambo haya hayakujulikana kwa kufikiri tu. Yamejulikana kwa misiba. Huko Marekani, katika miaka ya 1980, vyombo vya namna hii vilienea upesi, vingi vikiwa vya magurudumu matatu, na katika waliokufa kwavyo walikuwamo watoto wengi. Mwaka 1988 serikali na watengenezaji wakapatana mbele ya mahakama: vile vya magurudumu matatu visiuzwe tena vipya, na vya magurudumu manne vigawanywe kwa umri. Kwanza walipima kwa ukubwa wa injini: iliyozidi cc 90 iwe ya mwenye miaka 16 na zaidi, na mtoto asiyefika miaka 12 asipewe ya cc 70 wala zaidi. Baadaye kipimo kikageuzwa kikawa ni mwendo: chombo cha mtoto wa miaka 6 na zaidi kisipite kilomita 24 kwa saa, na cha miaka 10 na zaidi kisipite 48, nacho kiwe na kizuizi ambacho mzazi aweza kukifunga mpaka mtoto azoee. Kwa kipimo chochote katika hivyo viwili, ile ya cc 125 anayoitaka mjomba haimfai mtoto wa miaka 9. Wale walioiweka mipaka hii ni pamoja na wauzaji wenyewe, ambao faida yao ni kuuza. Muuzaji anapokwambia usinunue, msikilize.

Na hapa ndipo lilipo kosa la fikra ambalo twataka wasomaji wetu walione, kwani hulifanya si katika pikipiki tu. Sisi tumezoea kumnunulia mtoto kanzu ya Idi iliyo kubwa kidogo, ukaikunja pindo, na mwaka wa pili ukaifungua. Hiyo ni busara ya nyumba, wala hatuilaumu. Lakini kanzu kubwa ikimzidi mtoto, lililopotea ni umaridadi. Chombo cha moto kikimzidi, kinachopotea ni mtoto. Kanzu humngoja akue. Mashine haimngoji: siku ya kwanza tu atakapoipanda itamtaka mikono ambayo ataipata baada ya miaka 5. Anayesema "atakua nayo" amekwisha kumhesabia mtoto miaka ambayo hajaishi.

Basi chombo hupimwa kwa mtoto wa leo, na vipimo vyake vyajulikana. Mtoto asimame juu ya vikanyagio, na baina ya kiti na mapaja yake uonekane mwanya wa inchi 3 hadi 6. Mwanya ukikosekana, chombo ni kikubwa, na ukizidi, ni kidogo. Akae, kisha aukate usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto: ikiwa mkono wa mbali wanyooka wote na bega lavutwa, hakimfai. Vidole vyake vifike kwenye breki bila ya kuuachia usukani, na kidole gumba kiweze kukisukuma kijiti cha mafuta na kukiachia bila ya kung'ang'ana. Kisha kitazamwe kizuizi cha mafuta, ambacho katika vyombo vingi vya watoto ni skrubu ndogo tu. Na ile kamba ifungwayo mwilini mwa mtoto, ambayo akianguka huvutika na injini ikazima. Na fedha za helmeti inayomkaa sawasawa, za glovu, za viatu virefu na za mwalimu zitengwe kabla ya fedha za chombo, si katika zilizobakia. Asiyeweza kuvinunua hivi hajaweza kukinunua chombo. Ameweza nusu yake tu, tena ile nusu yenye khatari.

Yapasa pia tuseme wazi kwamba chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri kuwa aliye chini ya miaka 16 asivipande vyombo hivi kabisa. Sisi hatuwezi kuwaficha wasomaji maneno haya kwa sababu ni mazito. Madaktari huwaona walioanguka. Wauzaji huwaona wanaonunua. Mzazi hana budi awasikilize wote wawili, na ajue ni nani katika hao hana faida katika neno lake. Mama wa mtoto anayesema "isinunuliwe" asiambiwe kwamba ana woga wa kike; amesema walilolisema waganga.

Lakini je, twasema basi kila khatari ni haramu juu ya mtoto? Hapana. Mtoto asiyeachiwa kuanguka hata mara moja hujifunza kuanguka akiwa mtu mzima, na hapo huanguka vibaya. Mtoto wa pwani hufundishwa kupiga kasia horini akapinduka katika maji ya kiunoni, na kila mtu akacheka. Hapewi usukani wa jahazi nje ya mwamba. Khatari yaweza kuwa ni sehemu ya malezi ikitimiza masharti manne. La kwanza, faida yake imrudie mtoto mwenyewe, katika mwili wake, akili yake au tabia yake. La pili, dhara inayotarajiwa iwe ni ya kupona, si ya kuzikwa. La tatu, awepo anayejua, amesimama karibu, wala si mtazamaji tu. La nne, mtoto aweze kusema "basi" wakati wowote, asipungukiwe na mapenzi ya baba yake hata chembe.

Sharti hili la nne ndilo gumu, na kwalo twalijibu swali la pili la ndugu yetu. Wengi wetu tuna jamaa katika nchi za Ghuba, na twaijua khabari ya watoto waliokuwa wakipandishwa ngamia wa mashindano huko. Walitafutwa watoto wadogo kwa sababu ni wepesi. Wengi walitoka Pakistan, Bangladesh na Sudan. Waliumia, na wengine walikufa, mpaka mwaka 2005 Imarati ikapiga marufuku kwa sheria asipande ngamia wa mashindano aliye chini ya miaka 18, ikapatana na shirika la watoto la Umoja wa Mataifa kuwarejesha kwao, na Qatar ikaanza kuwapandisha ngamia mashine ndogo mahali pa watoto. Mtu wa Kiplombe atasema, "Mimi si kama wale. Wale waliuzwa kwa umaskini. Mimi namnunulia mwanangu kwa mapenzi." Ni kweli, wala hatuwafananishi watu. Lakini swali ni moja: anayepanda ni nani, na anayefurahi ni nani? Ikiwa mtoto ndiye anayepanda na baba ndiye anayeshinda, basi mapenzi yale yana mgonjwa ndani yake. Baba ajiulize hivi: mwanangu akiniambia kesho kwamba hataki mashindano, ila ataka kuzunguka kiwanjani tu na kuosha matope jioni, je, nitafurahi? Akijibu "ndiyo" kwa moyo safi, na aendelee. Akihisi uzito kifuani, ajue kwamba chombo kile anajinunulia mwenyewe, ila ameazima mwili wa mtoto wa kukipandia.

Tena tuwaonye ndugu zetu na neno moja ambalo limekuwa kivuli cha uzembe wetu. Mtoto akianguka kutoka kwenye chombo kilichomzidi, bila ya helmeti, hakuna mtu mzima karibu, sisi tuliokusanyika msibani husema: "Ni kudra, amri ya Mungu." Kudra ni haki, na kila jambo lina kadari yake. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha tutegemee. Asiyemfunga kisha akategemea hakumtegemea Mungu; amemsingizia. Mtoto ni amana mikononi mwetu, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichochungishwa. Hatutaulizwa kwa nini mtoto alikufa, kwani hayo ni ya Mola wake. Tutaulizwa kwa nini hatukufunga skrubu.

Kwa hivyo jawabu letu kwa ndugu yetu wa Kiplombe ni hili. Asinunue ile ya cc 125. Akiwa hawezi kuyatimiza masharti manne tuliyoyataja, asinunue yoyote sasa. Angoje, kwani kungoja si kunyima. Akiweza, basi achague ile iliyotengenezewa watoto wa umri wa mwanawe, isiyopita kilomita 24 kwa saa, aipime kwa mwili wa mtoto alivyo leo, na aifunge mafuta mpaka asadikishwe na mwalimu, wala si na mtoto. Ipandwe katika kiwanja kilichosawazishwa, mbali na waya na mitaro, mtu mmoja juu yake na mtu mzima kando yake. Barabarani isitoke hata hatua moja, na sheria ya Kenya nayo haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kuendesha chombo cha moto barabarani. Na fedha zitakazotoka mara ya pili, mtoto atakapokua na kile kidogo kuuzwa kwa mwenye mtoto mwingine, asizihesabu kuwa ni khasara. Hizo ndizo bei ya miaka baina ya vyombo viwili, na miaka hiyo ndiyo tunayoiomba.

Ama mashindano, asiyaahidi wala asiyakataze. Ayaache mbele, kama ule mwendo mrefu wa Hafya, ambao farasi huuendea baada ya kukazwa. Mtoto akifika huko kwa miguu yake, na umri wake, na hiari yake, basi baba na asimame pembeni amwombee dua. Wabillahi tawfiki.